Herufi Nne Mgongoni

Zilikuwa herufi nne, nyeupe juu ya wekundu,
kwenye ndoo ya mchanga kando ya mlango wa stoo.
Bwana Ombaso, aliyekuja kutufunza siku moja,
alizigonga kwa rula: "Mkiona moshi, semeni hili."
Tukasema. Wanawake arobaini wa kiwanda cha magodoro,
Barabara ya Lunga Lunga, saa nne asubuhi,
tukipaza sauti kama watoto wa chekechea: Faya!
Syombua alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.
Ndoo yenyewe ilijaa vishungi vya sigara.

Mimi nikapewa koti la kung'aa, jepesi kama nailoni,
herufi zilezile mgongoni,
nikaambiwa: wewe ndiye mkuu wa moto.

Kwetu Mukuru hakuna anayelia kwa neno hilo.
Usiku ule nyaya zilipotoa cheche kwa kina Nyakerario
tulilia Moto! Moto!
Mdomo unafunga kwanza, kama wa mtu anayemeza mate,
kisha unafunguka mara mbili,
maduara mawili ya kupitishia ndoo.
Maji tulichota mtaroni. Mabati tuliyang'oa kwa mikono
ili moto ukose pa kukanyaga.
Gari jekundu lilifika alfajiri, limeandikwa vizuri ubavuni,
likakuta watu wamechutama wakitafuta misumari.
Moto huzaa majivu, walisema wahenga.
Hawakusema majivu nayo huzaa misumari,
na kwamba kwa misumari hiyo, imenyooshwa kwa jiwe,
nyumba itasimama Jumamosi.

Barua ilikuja mwezi wa tatu, bahasha ya kaki.
Meneja alilisema lile neno kwa upole,
lilelile la kwenye ndoo,
nami nikageuka kutazama moshi unatoka wapi.
Haki ya Mungu, niligeuka.
Kumbe anayeungua ni mimi.
Kwa Kiingereza mtu huchomwa kazini;
kwetu hufutwa, kama chaki ubaoni,
au hupigwa kalamu,
na kalamu haina moshi,
haiwaiti majirani.

Kuna maana nyingine siitaki nyumbani mwangu.
Mwaka ule barabara zilipofungwa kwa mawe
Kimanthi alikuwa na miaka sita.
Alilisikia ng'ambo ya reli,
sauti ya mtu mzima aliyezoea kutiiwa,
neno moja, kisha milio.
Hakuniuliza maana yake.
Mpaka leo mlango ukibamizwa, hutazama miguu yake.

Lakini sasa ana kumi na minne, na lugha yake mwenyewe.
Anakunja chapati mara nne, yote mdomoni,
anafumba macho: "Mathe, hii ni faya."
Imeungua wapi? Nionyeshe.
"Haijaungua, Mathe. Ni faya tu."
Nikachukua iliyofuata, nikaigeuza, nikatafuta weusi.

Basi jiko langu liko kona ya kinyozi,
saa kumi na moja alfajiri, Julai, baridi inauma masikio.
Nyakerario hunipa kaa juu ya kifuniko cha kopo la rangi,
maana moto, kwetu, huombwa,
na ukigawiwa, wa mwenzako haupungui.
Navaa lile koti. Walisahau kulidai.
Nikisukuma chapati nawapa watu mgongo,
nao vijana wa zamu ya asubuhi wanasoma, wanacheka,
wanadhani ni tangazo.
Wanaagiza mbilimbili.

Jana alipita Syombua, ambaye bado ana kazi.
Alisimama nyuma yangu kimya,
akagusa herufi ya kwanza, inayobanduka,
akaibonyeza kwa kidole gumba
kama mtu anayembandika mtoto plasta.
"Itatoka hii," akasema.
"Na itoke," nikamwambia. "Geuza hiyo, inaungua."